Tarehe si Notisi

"Mkataba ukiisha, umeisha." Kauli hii husikika kwa mwenye ploti kule Umoja, kwa ajenti wa nyumba za Nyali, kwa karani anayechapa mikataba kwenye kibanda nje ya mahakama, na hata kwa mpangaji mwenyewe anayefungasha vyombo huku akijilaumu kwamba hakuitazama tarehe. Husemwa kwa utulivu wa mtu anayetaja jambo lisilo na ubishi. Karatasi imeandika upangaji unaanza Januari 1 na kukoma Desemba 31. Basi usiku wa Desemba 31 ni kwaheri ya kuonana, na hakuna anayedaiwa neno na mwenzake. Notisi, wanasema, ni ya wale wa mwezi kwa mwezi wasio na karatasi.

Ni kauli fupi, tamu mdomoni. Kasoro yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya upangaji nchini Kenya si kweli, na pale inapokuwa kweli haifai kuachwa hivyo.

Mahali pazuri pa kuipima ni dukani. Chukua mfanyabiashara wa vitambaa aliyekodi chumba cha mbele katika jengo moja la katikati ya Mombasa. Mkataba wake ni wa miaka 2, una sahihi mbili na mashahidi wawili. Miaka hiyo inatimia Ijumaa. Jumatatu asubuhi anafika na funguo zake mkononi, anakuta kufuli jipya limewekwa juu ya lake, na msimamizi wa jengo amesimama kando akimwonyesha kwa kidole ile aya ya tarehe. Majora ya kanga na vitenge yako ndani, wateja wanapita, na majirani wanaotazama wanatikisa vichwa kwa huruma. Wengi wao wanamhurumia tu. Hawaoni kwamba amedhulumiwa. Si tarehe ilikuwa imeandikwa?

Iliandikwa, lakini haikutosha. Tangu 1965 Kenya ina Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji inayohusu maduka, hoteli na mikahawa, ambayo mawakili huiita Sura ya 301 kwa kifupi. Sheria hiyo inaweka ulinzi juu ya upangaji wa biashara ambao haukuandikwa popote, ule ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, na ule ambao hata ukiwa wa muda mrefu zaidi una kipengele cha kuuvunja ndani ya miaka 5 ya kwanza bila mpangaji kuwa na kosa. Mwuza vitambaa wa miaka 2 yumo ndani kabisa. Kisha kinakuja kifungu cha 4, na maneno yake ya mwanzo yanafaa kusomwa polepole: bila kujali sheria nyingine yoyote, na bila kujali mkataba wenyewe umesema nini, upangaji wa aina hii haukomi wala haukomeshwi ila kwa njia iliyowekwa na sheria hiyo.

Bila kujali mkataba umesema nini. Maana yake Bunge liliijua kauli ya "ukiisha, umeisha", likaigeuza huku na huku, likaikataa. Lilifanya hivyo miaka miwili tu baada ya uhuru, wakati bado wino wa vitu vingine vingi ulikuwa haujakauka.

Njia yenyewe si ngumu. Mwenye jengo anajaza fomu maalumu, Fomu A, iliyowekwa na kanuni za mwaka 1966. Anaeleza sababu ya kutaka chumba chake, na sababu hizo zimetajwa: mpangaji ameshindwa kulipa kodi kwa miezi miwili au hukawia mara kwa mara, ameacha jengo libomoke mikononi mwake, mwenye jengo anakusudia kulibomoa na kulijenga upya, au anataka kulitumia yeye mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na nyingine chache za aina hiyo. "Mkataba umeisha" haimo katika orodha hiyo. Notisi inamtaka mpangaji ajibu ndani ya mwezi mmoja kama anakubali au hakubali, na haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi 2 tangu aipokee. Asiyekubali anakwenda kwenye Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara kabla siku hiyo haijafika. Na asiyejibu wala kwenda popote, akakaa tu akitumaini mambo yatajipanga, notisi inamkumba kama ilivyoandikwa. Sheria haimbembelezi mpangaji mzembe.

Mahakama nazo hazikulichezea jambo hili. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya Diani Boutique, duka la pwani ya kusini lililokuwa likivutana na kituo cha michezo kilichokuwa mwenye jengo. Majaji walisema wazi kwamba utaratibu wa kukomesha upangaji uliolindwa umewekwa kinagaubaga ndani ya sheria: notisi iwe katika fomu iliyowekwa, itaje sababu, isianze kabla ya miezi miwili. Katika muongo huohuo mahakama hiyohiyo ilisikiliza shauri la Mwalimu Hotel ya Kisii, na hapo ikatamka jambo pana zaidi, linalostahili kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya ajenti: kama mpangaji hajakubali mwenyewe kuachia jengo, mwenye jengo hana budi kupata amri ya mahakama au ya jopo husika. Kufuli si amri. Hata kijana mwenye nyundo na barua ya ajenti si amri.

Kuna ushahidi mwingine, na huu unatoka kwa wenye majengo wenyewe. Yeyote aliyewahi kukodi chumba cha biashara katika jengo jipya la Nairobi au Mombasa ameuona mkataba wa ajabu wa miaka 5 na miezi 3. Kwa nini miezi 3? Hakuna biashara inayopangwa kwa hesabu hiyo. Mwenye saluni hakuomba miezi mitatu ya ziada, wala mwenye mgahawa. Miezi hiyo iko pale kwa kazi moja: kuuvusha mkataba juu ya mstari wa miaka 5 ili utoke kwenye Sura ya 301, na ndiyo maana mikataba hiyo hukwepa pia kipengele cha kuvunja mapema, kwa sababu kipengele hicho kingeurudisha ndani. Sasa mtu na ajiulize. Kama kweli mkataba wa miaka 2 hujifia wenyewe tarehe ikifika, mawakili wa wenye majengo wamekuwa wakihesabu miezi ya nini miaka yote hii? Wanajua. Wanaoambiwa "ukiisha, umeisha" ni wale wasio na wakili.

Hapo ni dukani. Nyumbani, kwenye chumba cha kulala na jiko, mambo yamechanganyika zaidi, na inafaa kukiri hivyo mapema.

Nyumba za kuishi nazo zilipata sheria yao, Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, ambayo ni kongwe kuliko uhuru wenyewe kwa miaka minne. Ulinzi wake ni mkali, ila unaishia kwenye nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kodi hiyo ya kawaida inapimwa kwa kutazama nyumba ilikuwa ikilipiwa kiasi gani Januari 1, 1981. Tarehe hiyo haikukosewa. Mtu mwenye umri wa miaka 40 leo alikuwa hajazaliwa. Siku hizi hata chumba kimoja cha mabati chenye choo cha kushirikiana huweza kuvuka shilingi 2,500, kwa hiyo wapangaji wengi wa mijini wameanguka nje ya sheria hiyo bila mtu yeyote kuifuta. Walioachwa nje wameangukia kwenye Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012.

Wenye kauli yao hufurahi wakifika hapa, kwa sababu Sheria ya Ardhi haimlazimishi mwenye nyumba kutoa notisi kabla ya mkataba wa muda maalumu kufika mwisho. Hilo ni kweli. Mwenye nyumba ambaye Desemba 31 imefika, akakataa kodi ya Januari, akasema wazi kwamba anaitaka nyumba yake, ana haki ya kuirudisha, ingawa hata yeye hana ruhusa ya kung'oa mlango wala kukata stima ili kumharakisha mpangaji. Lakini ni wangapi hufanya hivyo? Ni wangapi huikataa kodi ya Januari?

Maisha halisi huenda hivi. Mkataba wa mwaka mmoja umeisha Desemba. Hakuna aliyesema kitu. Mpangaji amekwenda ushago kwa Krismasi, amerudi, na Januari 5 ametuma shilingi 15,000 kwa nambari ileile ya M-Pesa. Ujumbe umeingia: imethibitishwa, pesa zimetumwa kwa fulani, tarehe na saa. Februari 5 vilevile. Mwenye nyumba amezipokea, amelipia mkopo wake, amenyamaza. Mwezi Machi anapata mteja wa shilingi 20,000. Hapo ndipo anapoufungua mkataba uliokwisha kufa, anaisoma ile tarehe kwa sauti, na kumwambia mpangaji aliyemo kwamba anakaa ndani ya nyumba "bila mkataba" na atoke mwisho wa wiki.

Sheria ya Ardhi ina jibu kwa kila hatua ya hadithi hiyo. Kifungu cha 57 kinasema kwamba mpangaji akiendelea kukaa kwa ridhaa ya mwenye nyumba baada ya muda kwisha, na hawakukubaliana vingine, upangaji unageuka kuwa wa mwezi kwa mwezi, na masharti ya mkataba wa zamani yanayoendana na hali hiyo yanaendelea kuwabana wote wawili. Kifungu cha 60 kinamshughulikia mwenye nyumba anayedai hakuwahi kuridhia. Kinamwambia kwamba kupokea kodi peke yake hakuhesabiwi kuwa ni ridhaa. Lakini akiendelea kuipokea kwa miezi miwili baada ya mkataba kwisha, basi upangaji wa mwezi kwa mwezi umezaliwa, apende asipende. Zile jumbe mbili za M-Pesa, ya Januari na ya Februari, ndizo cheti chake cha kuzaliwa.

Na upangaji wa mwezi kwa mwezi haukomi bila notisi. Notisi yenyewe isipungue kipindi cha upangaji, yaani mwezi mzima, na ikome siku ambayo kodi hulipwa. Watu wengi hukosea hapa, wakiwamo maajenti. Kodi ikiwa hulipwa tarehe 5, na barua ya notisi ikafika Machi 12, mwezi mmoja unatimia Aprili 12. Siku hiyo si ya kodi. Basi notisi inasogea mpaka Mei 5. Mwenye nyumba aliyeandika "utoke kabla ya Aprili 12" ameandika karatasi isiyomtoa mtu.

Kwa hiyo katika nyumba, kauli ya "ukiisha, umeisha" ina ukweli wa siku chache. Ni kweli kwa mwenye nyumba anayesema na kutenda siku ileile. Kwa aliyenyamaza akapokea pesa, ilikwisha kufa pamoja na mkataba.

Watetezi wa kauli hiyo wana hoja zao, na mbili zinastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni kwamba watu wazima wawili walikubaliana tarehe, kwa hiyo tarehe yenyewe ni notisi. Mpangaji alipewa notisi ya mwaka mzima siku aliyotia sahihi. Hoja hii ina mvuto mpaka mtu aiangalie nyumba ilivyo. Tarehe iliyo kwenye mkataba inasema ni lini upangaji huu unaweza kukoma. Haisemi kama utakoma. Kila mpangaji wa Kenya anajua kwamba mikataba ya mwaka mmoja hurudiwa mwaka baada ya mwaka, mara nyingi bila karatasi mpya, na wenye nyumba wanajua kwamba anajua. Ndiyo maana hanunui mapazia ya mwaka mmoja. Kinachokosekana siku ya kutia sahihi ni uamuzi: je, safari hii tunaendelea au tunaachana? Uamuzi huo unafanywa mwishoni, na kwa kawaida unafanywa na mtu mmoja. Kumtaka amwambie mwenziwe kwa maandishi alichokwisha kuamua ni kumtaka jambo dogo mno.

Hoja ya pili hutolewa kwa mfano wa kazi. Mkataba wa kazi wa miaka 2 ukiisha, wanasema, mwajiri hana haja ya kutoa notisi. Kwa nini nyumba iwe tofauti? Mfano huu unawageukia wenyewe. Mwajiri aliyemaliza na mfanyakazi hamruhusu kuingia kiwandani Jumatatu, wala hamlipi mshahara wa mwezi wa 25. Angefanya hivyo miezi miwili mfululizo, kisha mwezi wa tatu akadai mtu huyo alikuwa akizurura tu kiwandani, hakuna ambaye angemsikiliza. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya mwezi wa 13 na wa 14 anafanya jambo hilohilo, halafu anashangaa akiambiwa ana mpangaji.

Hoja nyingine ni malalamiko zaidi kuliko hoja. Kwamba wapangaji ni sugu. Kwamba mtu akipewa notisi ya miezi miwili anaacha kulipa kodi siku hiyohiyo. Wapo wa namna hiyo, na ukweli usemwe: mpangaji anayehama usiku na kuacha bili ya maji, au anayetamka "kata kwenye dipoziti" na kuondoka bila taarifa, anachota kwenye kisima kilekile cha "mkataba umeisha". Sheria ya Ardhi haimpendelei. Notisi ya upangaji wa mwezi kwa mwezi inadaiwa pande zote mbili, kwa urefu uleule. Mwenye nyumba aliyeachwa na nyumba tupu katikati ya mwezi kwa sababu mpangaji aliamua kimyakimya ana kilio cha haki, na dawa yake ni ileile anayoikataa akiwa yeye ndiye mwenye nguvu.

Maana nguvu ndiyo kiini cha mjadala huu. Anayejua mapema ndiye anayepanga. Mwenye nyumba aliyeamua mwezi Oktoba kwamba Desemba atapandisha kodi au atamweka shemeji yake, akanyamaza mpaka Desemba 28, hajafaidika na tarehe; amefaidika na ukimya. Mpangaji anayeambiwa siku tatu kabla ana mambo mawili ya kufanya: alipe kinachotajwa, au atafute pikapu ya kuhamisha, kodi ya mwezi wa kwanza kwingine, amana ya nyumba, amana ya maji, amana ya stima, na huenda shule nyingine, kwa kuwa mwaka wa masomo wa Kenya huanza Januari na sare zimekwisha kununuliwa. Atalipa kinachotajwa. Hayo ndiyo "majadiliano ya soko huria" yanayosifiwa. Mpangaji huyohuyo akiambiwa Oktoba 31 angezunguka mtaa, angelinganisha bei, na huenda angerudi kwa mwenye nyumba na jibu ambalo lingewafaa wote.

Sheria ya Kenya ina jambo lingine ambalo wenye kauli hii hawalitaji kabisa. Mwaka 2016 Sheria ya Ardhi iliongezewa vifungu kuhusu kuwaondoa watu wanaokalia ardhi bila ruhusa. Kifungu cha 152E kinamtaka mwenye shamba la binafsi ampe mvamizi notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3 kabla ya siku ya kumtoa, na iandikwe kwa lugha ambayo ni ya taifa na pia ni rasmi. Katika Kenya lugha yenye sifa zote mbili ni moja, na ndiyo inayosomwa hapa. Kwa hiyo mtu aliyeingia shambani bila kuulizwa na bila kulipa senti anastahili miezi 3 na karatasi ya Kiswahili. Aliyelipa kodi mwaka mzima bila kukosa mwezi anaambiwa atazame tarehe. Hakuna sababu ya kumwonea wivu mvamizi; alipewa ulinzi huo kwa sababu watu walikuwa wakitolewa kwa matingatinga alfajiri. Lakini nchi inayoweza kuona ubaya wa kumstukiza asiye na haki haiwezi kujifanya haioni ubaya wa kumstukiza mwenye nayo.

Wapo wanaodai kwamba kudai notisi mwishoni mwa mkataba ni uzushi wa wanaharakati. Kanuni kwamba muda maalumu hujimaliza wenyewe ilikuja na Waingereza. Hadi leo sheria za Kenya hutaja Agosti 12, 1897 kuwa siku ya kupimia sheria zilizopokewa kutoka kwao. Lakini huko England kwenyewe, kwa sheria ya nyumba ya mwaka 1988, mkataba wa kawaida wa nyumba ukifika mwisho na mpangaji akabaki, upangaji uliendelea wenyewe wa kipindi kwa kipindi. Mwaka 2025 Bunge lao likapiga hatua zaidi na kupitisha sheria ya haki za wapangaji, inayofuta kabisa mikataba ya muda maalumu katika nyumba za kawaida za kupanga za watu binafsi kuanzia Mei 1, 2026. Waliomwachia Mkenya kanuni hiyo wameitupa.

Wala si wao tu. Ufaransa, ambako mkataba wa nyumba isiyo na samani kwa kawaida ni wa miaka 3, mwenye nyumba asiyetaka kuendelea hutakiwa kumwarifu mpangaji miezi 6 kabla, na akinyamaza mkataba hujirudia. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 2008 ya kulinda watumiaji, mtoa huduma mwenye mkataba wa muda maalumu na mtu wa kawaida anatakiwa amkumbushe kwa maandishi kati ya siku 80 na siku 40 za kazi kabla haujaisha, amweleze na chaguo alizo nazo. Nchi hizo hazijawahi kuishiwa na watu wa kujenga nyumba za kupangisha.

Tanzania ni kisa cha upande wa pili. Sheria yake ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji wa kawaida wa Dar es Salaam ameegemea mkataba wake na Sheria ya Ardhi ya 1999. Ameegemea pia hisani ya mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo. Huko muda wa mkataba umekuwa kipimo cha pesa zilizolipwa: zikiisha, mtu hutafuta nyingine au hutafuta dalali. Mtu aliyekusanya kodi ya miezi 6 kwa tabu anahitaji kuambiwa mapema kuliko yeyote kama atakusanya tena kwa nyumba hii au kwa nyingine, na ndiye anayeambiwa mwisho.

Kenya ilikaribia kulirekebisha jambo hili. Muswada wa Mwenye Nyumba na Mpangaji wa mwaka 2021 ulikusudia kuunganisha sheria hizi zilizotawanyika, ili mwenye duka na mwenye chumba cha kulala wasiwe watu wa nchi mbili. Haukufika kuwa sheria. Utakaporudi mezani, maana hauna budi kurudi, wabunge hawahitaji kubuni kitu kipya. Waichukue kanuni ya miezi 2 ambayo tayari inamlinda mwenye duka tangu 1965, waipeleke nyumbani: mkataba wowote wa kuishi wa miezi 6 au zaidi usikome bila upande mmoja kumwandikia mwenzake miezi 2 kabla, na asiyeandika ahesabiwe kuwa amekubali kuendelea mwezi kwa mwezi kwa kodi ileile. Na wauondoe ule mstari wa shilingi 2,500, unaowaacha wapangaji wengi wa leo nje ya mlango.

Wakati huo haujafika. Kwa sasa mwenye duka aliye na mkataba usiozidi miaka 5 asikabidhi funguo kwa sababu ya tarehe tu. Aulize Fomu A iko wapi, na akipewa, ajibu ndani ya mwezi. Mwenye nyumba anayetaka nyumba yake aandike mapema, na siku ikifika asipokee kodi mpya. Na mpangaji ambaye mkataba wake uliisha Desemba, na bado anatuma kodi kila tarehe 5, asifute jumbe zake za M-Pesa.